Kilomita ni Zile Zile, Saa si Zile Zile: Mapitio ya Kikokotoo cha Umbali wa Safari za Ndege

Mwezi wa Januari nilimpeleka mama yangu New York kumwona mjukuu wake wa kwanza, na kwa kuwa mama hasafiri bila kujua safari ina urefu gani, wiki mbili kabla ya kuondoka nilifungua moja ya zile tovuti za bure zinazokokotoa umbali na muda wa safari kati ya viwanja viwili vya ndege. Unaandika jina la uwanja wa kuondokea, unaandika la uwanja wa kufikia, unabonyeza, na papo hapo unapewa kilomita, maili, saa na ramani yenye mstari uliopinda. Tangu siku hiyo nimeitumia tovuti hiyo mara nyingi, nikailinganisha na nyingine ya aina yake, kisha nikayapima majibu ya zote mbili kwa safari yenyewe, kwenda na kurudi. Sizitaji majina, kwa sababu kasoro nitakazozieleza si za tovuti moja. Nimezikuta karibu kila mahali ambapo chombo cha namna hii kinatolewa bure.

Nianze na kilichonifurahisha. Hesabu ya umbali ni sahihi, na inatoka kwa kasi ambayo haiudhi hata kwa intaneti ya simu ya kawaida. Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi uwanja wa John F. Kennedy, New York, tovuti ilinipa takriban kilomita 11,840, yaani maili 7,357, au maili za baharini 6,393. Niliirudia hesabu hiyo kwa mkono nikitumia latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili, na tukapishana kwa kilomita mbili tu. Tovuti nyingi za aina hii huichukulia dunia kuwa tufe kamili lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371, ingawa kwa kweli dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake, ambako nusu kipenyo ni kama kilomita 6,357, na imetanuka kwenye Ikweta hadi kama 6,378. Kosa linalotokana na kurahisisha huko kwa kawaida halizidi nusu ya asilimia moja, na kwa safari hii hata kosa la kiasi hicho chote lingekuwa chini ya kilomita 60, umbali ambao ndege kubwa huumaliza kwa dakika nne. Kwa msafiri asiye rubani, hapo hakuna cha kulalamikia.

Ramani nayo inastahili sifa. Mama alipoiona kwenye simu yangu aliuliza swali ambalo nadhani kila mtu huliuliza mara ya kwanza: kwa nini ndege inapanda kaskazini ilhali Marekani iko magharibi? Kwenye ramani ya ukutani, ukiweka rula kati ya Nairobi na New York, mstari unapita Kongo, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Nigeria na Mali. Kwenye ramani ya tovuti mstari unapinda kama upinde: kaskazini mwa Uganda, Sudan Kusini, Chad, jangwa la Niger, Algeria, Moroko, kisha visiwa vya Azores katikati ya Atlantiki, halafu unapanda hadi latitudo ya nyuzi 42 hivi kaskazini kabla ya kushuka kidogo kuelekea New York. Nilichukua tufe la shule la mpwa wangu, nikaubana uzi kwenye Nairobi kwa kidole gumba, nikauvuta hadi New York mpaka ukakazana, na uzi wenyewe ukajilaza juu ya Sahara. Mama aliuangalia, akaurudisha kwa makusudi hadi juu ya Nigeria, akaona hautoshi. Tofauti kati ya njia hizo mbili ni karibu kilomita 350, na tovuti inaionyesha kwa macho vizuri kuliko mwalimu wangu wa jiografia alivyowahi kufanya.

Matatizo yanaanza pale kilomita zinapogeuzwa kuwa saa.

Tovuti ya kwanza iliniambia kwamba safari itachukua saa 13 na dakika 39. Ya pili, kwa umbali ule ule, ikasema saa 15 na dakika 13. Tofauti ya zaidi ya saa moja na nusu kati ya vyombo viwili vinavyokubaliana kuhusu umbali si jambo la kupuuza, na nilipotafuta chanzo chake nilikikuta bila shida. Ya kwanza inagawanya umbali kwa kasi ya kilomita 900 kwa saa, ambayo kweli ni karibu sana na kasi ya kawaida ya Boeing 787 ikiwa juu, kisha inaongeza nusu saa kwa ajili ya kupaa na kutua. Ya pili inagawanya kwa maili 500 kwa saa, nayo inaongeza nusu saa ile ile. Hakuna zaidi ya hapo. Hakuna ratiba iliyosomwa, hakuna upepo uliohesabiwa, wala haijulikani ni ndege ya aina gani inayotarajiwa kuruka. Ni hesabu ya kugawanya ya darasa la sita iliyovishwa nguo za kitaalamu, na dakika zinazotajwa kwa uhakika mkubwa namna ile, 39 na 13, zinamfanya msomaji aamini kwamba kuna mtu aliyepima.

Kwa upande wa safari yenyewe, rekodi ni hii. Kenya Airways ilianza kuruka kati ya Nairobi na New York bila kutua tarehe 28 Oktoba 2018, kwa ndege aina ya Boeing 787-8, na tangu mwanzo ratiba ya kwenda imekuwa ya saa 15 hivi na ya kurudi imekuwa fupi kuliko hiyo. Katika safari yetu, kwa saa ya mkononi mwa mama, tangu magurudumu yalipoachana na ardhi ya Embakasi hadi yalipogusa ardhi ya New York zilipita saa 14 na dakika 20. Ukiongeza muda wa ndege kusogea taratibu kutoka mahali iliposimama hadi kwenye njia ya kurukia, na muda wa kutambaa upande wa pili hadi mlangoni, unapata zile saa 15 za kwenye tiketi. Aliporudi mwezi wa Machi alikaa angani saa 13 na dakika tano.

Sasa angalia jambo la ajabu. Ukijumlisha 14:20 na 13:05, ukagawanya kwa mbili, unapata karibu saa 13 na dakika 42, yaani dakika tatu tu zaidi ya jibu la tovuti ya kwanza. Kwa hiyo tovuti haikudanganya. Ilitoa wastani wa safari mbili, wastani ambao hakuna abiria aliyewahi kuusafiri. Na ile ya pili, iliyosema 15:13, ilikaribia ukweli wa kwenda kwa bahati tu, kwa sababu kasi yake ndogo ilifidia upepo ambao haikuujua, halafu ikakosea vibaya safari ya kurudi. Nilijaribu kugeuza majina, New York iwe ya kuondokea na Nairobi ya kufikia, nikitumaini kwamba angalau mojawapo ingebadilisha jibu. Zote mbili zilirudisha dakika zile zile.

Hili lingemchekesha babu yangu. Alikuwa nahodha wa Lamu, na kwake kuuliza umbali wa Maskati bila kusema ni mwezi gani na unaelekea upande gani lilikuwa swali la mtu asiyewahi kupanda chombo. Kaskazi ikivuma, jahazi linashuka kutoka Uarabuni. Kusi ikishika, linapanda kurudi. Na aliyeondoka nje ya majira anaweza kukaa bandarini miezi huku umbali haujapungua hata shibiri moja. Ndege haisubiri majira, lakini haijauponyoka upepo. Katika latitudo za kati, kwenye kimo cha kilomita kumi hivi ambako ndege hizi huruka, kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi ya kaskazini ndipo unapopata nguvu zaidi. Anayetoka Nairobi anakutana nao akishaiacha Afrika, juu ya Atlantiki, na kwake ni upepo wa omo. Anayetoka New York unamsukuma kwa tezi. Kwenye kioo kilichokuwa mbele ya kiti changu niliona kasi ya ndege juu ya ardhi ikisoma zaidi ya kilomita 900 tulipokuwa juu ya Chad, na baada ya Azores ikashuka hadi 800 na kidogo, ingawa muungurumo wa injini haukubadilika hata kidogo. Kikokotoo kinachojua tarehe ya leo, na kinachojua upande ambao msafiri anaelekea, hakina udhuru wa kutoa jibu moja kwa pande zote mbili.

Kuna mambo mengine mawili ambayo tovuti haiyahesabu na ambayo huongeza saa. La kwanza ni njia. Mstari mzuri wa kwenye ramani unachukulia kwamba anga yote iko wazi, na haiko hivyo. Tarehe 6 Agosti 2023, baada ya mapinduzi ya mwezi uliotangulia, Niger ilifunga anga yake, na haikuifungua hadi Septemba; anga ya Sudan ilikuwa imefungwa tangu vita vilipozuka Aprili mwaka huo huo. Ukiutazama tena ule mstari wa kutoka Nairobi utaona kwamba unapita katikati ya Niger na kuigusa karibu sana mipaka ya Sudan. Kwa wiki hizo zote, tovuti iliyotegemea hesabu ya tufe peke yake ingekuchorea njia hiyo hiyo na kukupa dakika hizo hizo.

La pili ni mwinuko wa uwanja, na hapa naomba nikawie kidogo, kwa sababu ni jambo linalotuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko watu wengi. Uwanja wa Nairobi uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, ilhali ule wa New York uko karibu sawa na maji. Hewa ya juu ni nyepesi, na hewa ya joto ni nyepesi zaidi, kwa hiyo mabawa na injini hupungukiwa na nguvu wakati wa kupaa, na ndege hulazimika ama kutumia njia ndefu zaidi ya kurukia ama kupunguza uzito, iwe wa mafuta, mizigo au watu. Njia ya kurukia ya Nairobi ina urefu wa zaidi ya kilomita nne, na safari ya New York huondoka usiku, wakati hewa imepoa. Usiku huo basi si suala la kumfurahisha tu abiria anayetaka kulala, bali pia ni msaada kwa ndege yenyewe. Kwa wenzetu wa Addis Ababa hali ni ngumu zaidi. Uwanja wa Bole uko mita 2,334 juu ya bahari, na kwa miaka mingi safari ya Ethiopian Airlines ya kwenda Washington imekuwa ikitua njiani kuongeza mafuta, huku ile ya kurudi ikija bila kutua. Nilikipa kikokotoo viwanja hivyo viwili. Kikanijibu kilomita 11,570 hivi na saa 13 na dakika zake, bila neno lolote kwamba kwa upande mmoja wa safari hiyo abiria angekaa chini mahali fulani akiangalia gari la mafuta.

Hapo pia ndipo lilipo tatizo la maneno. Mawakala wetu wengi wa tiketi husema safari ni ya “moja kwa moja” hata pale ndege inapotua njiani, mradi abiria habadilishi ndege. Tovuti nayo hutumia maneno hayo hayo kwa mstari wa ramani. Anayetaka kujua kama atashuka au hatashuka aulize kwa maneno haya: je, inakwenda bila kutua? Nimeona watu wazima wakibishana na wakala kwa sababu ya maneno hayo, na wote wawili walikuwa wakisema kweli.

Nije kwenye Kiswahili cha tovuti, kwa sababu ndicho kilichonipa shida kubwa kuliko hesabu zake. Ukurasa una kitufe cha lugha, nami niliposhuka hadi chini na kuikuta lugha yetu nilifurahi, nikamwachia mama simu asome mwenyewe. Kichwa cha kwanza kilisema: “Umbali kama kunguru anavyoruka.” Mama akainua macho, akaniuliza kunguru ameingiaje. Sisi wa Mombasa tunawajua kunguru. Wanaruka kutoka jalala la Kongowea hadi kwenye mabati ya jirani, na safari yao inaishia hapo. Ni wazi kwamba mashine ilitafsiri neno kwa neno usemi wa watu wengine, na hakuna aliyesoma kabla ya kuuchapisha. Kusema “umbali wa mstari ulionyooka” kungetosha.

Hilo tulicheka likaisha. La pili halikuwa la kuchekesha. Chini ya muda wa safari, tovuti ilikuwa na sehemu ambayo unaandika saa ya kuondoka nayo inakupa saa ya kufika kwa majira ya huko. Ilimwandikia mama kwamba kwa ratiba yake atawasili “saa 6:25 asubuhi”. Kwa Kiswahili hakuna saa sita ya asubuhi. Saa sita ni mchana, jua la utosi, au ni usiku wa manane. Mama, ambaye ameishi maisha yake yote kwa saa inayoanza kuhesabiwa jua linapochomoza, aliliona neno “asubuhi” kuwa kosa la uchapaji, akaiamini namba, na akaandika kwenye daftari lake: kufika New York, saa sita na dakika 25 mchana. Kumbe ni saa kumi na mbili na dakika 25 alfajiri. Namba ilikuwa ya saa ya Kizungu, na maneno yalikuwa ya Kiswahili.

Nieleze kwa nini kosa la saa sita nzima lilikuwa zito. Mama ana kisukari, na dawa zake zinafuata mlo, asubuhi na jioni. Daktari wake alikuwa amemwomba amletee maelezo ya safari, kwamba atakaa saa ngapi kati ya mlo na mlo, naye akampelekea daftari. Kwa hesabu ya daftari, safari ilikuwa ya saa 21, kwa sababu alichukua saa ya kuondoka, saa tano na dakika 25 usiku, akaongeza tofauti ya majira ya saa nane niliyokuwa nimemwambia, akafika kwenye ile saa sita mchana. Daktari alinipigia simu kuuliza ni ndege gani hiyo inayokaa angani saa 21. Safari ndefu kuliko zote za abiria zenye ratiba na zisizotua njiani kwa sasa, ya kutoka Singapore hadi New York, ina zaidi ya kilomita 15,300, na hata hiyo haifiki saa 20. Tuliyarekebisha yote kwa dakika kumi, lakini nilibaki nikijiuliza ni akina mama wangapi wanaosoma ukurasa ule bila daktari wa kuwapigia simu watoto wao.

Suluhisho alilitoa mama mwenyewe, na nalipendekeza kuliko kipengele chochote cha tovuti: hakuigusa saa yake ya mkononi. Iliendelea kusoma majira ya Mombasa tangu Kisauni hadi siku ya pili ya kukaa kwa dada yangu New Jersey, na dawa zikafuata saa hiyo mpaka alipozungumza tena na daktari kuhusu namna ya kuhama.

Swali lake jingine halikujibiwa na tovuti yoyote. Aliuliza: alfajiri itaingia tukiwa wapi? Kikokotoo kinaonyesha saa ya jua kuchomoza katika viwanja vyote viwili, lakini hakisemi lolote kuhusu kilichoko katikati. Katika safari hii ya Januari jibu linashangaza. Jua lilituchwea Mombasa kama saa kumi na mbili na nusu jioni. Ndege ikaondoka Nairobi usiku, ikaelekea magharibi, na kwa kuwa dunia inazunguka kuelekea mashariki, alfajiri ilikuwa ikitufukuza nyuma bila kutushika. Saa ya mama iliposoma saa tatu asubuhi, wakati ambao Kisauni watu wameshamaliza chai, nje ya dirisha kulikuwa giza totoro. Iliposoma saa nane mchana bado kulikuwa na giza, ila mstari mwembamba wa kijivu nyuma ya bawa. Tulitua kabla jua halijatoka. Tangu machweo ya Mombasa hadi mawio ya New York usiku wetu ulikuwa wa zaidi ya saa 20, na mama aliswali alfajiri akiwa ameketi kwenye kiti, huku bahari ikiwa chini yetu na muhudumu akipita polepole na vikombe vya chai. Mtengenezaji wa kikokotoo anayetaka wateja wa Pwani, wa Zanzibar, wa Maskati na wa Dubai angeongeza kipengele hicho kimoja, na nina hakika angewapata.

Kuna kasoro ndogo za uchaguzi wa viwanja ambazo nitazipitia haraka. Nilipoandika “Nairobi”, jina la kwanza kuja lilikuwa Wilson, uwanja wa ndege ndogo za kwenda mbugani na miji ya ndani. Tovuti ikakubali bila kusita kunirusha kutoka Wilson hadi Marekani. Nilipoandika “New York”, ikaniletea LaGuardia, uwanja ambao tangu 1984 una kanuni inayozuia, isipokuwa kwa vighairi vichache, safari zinazozidi maili 1,500. Kwa kilomita, tofauti ni ndogo mno. Kwa mtu atakayemwambia mpokeaji wake amsubiri LaGuardia, ni jambo jingine kabisa.

Kwa upande mwingine, kuna kazi moja ambayo kikokotoo hiki kinaifanya vizuri sana, nayo ni kulinganisha njia za kuunganisha. Wengi wetu tunaamini kwamba kupitia London ni kuzunguka. Tovuti inaonyesha kwamba Nairobi hadi London ni kama kilomita 6,840, na London hadi New York kama 5,540, jumla kilomita 12,380, ambazo zinazidi njia isiyo na kutua kwa 540 tu. Kupitia Dubai ni 3,560 na 11,020, jumla 14,580, yaani zaidi ya kilomita 2,700 za ziada, kwa sababu unaanza kwa kwenda mashariki kisha unarudi magharibi. Nauli haifuati kilomita, na mara nyingi njia ndefu ndiyo rahisi mfukoni, lakini angalau unajua unachokilipa kwa mwili wako. Mtu mwenye miguu inayovimba akikaa sana anaweza kuona kwamba kusimama London saa tatu kunamfaa kuliko saa 15 mfululizo kwenye kiti kimoja.

Ila kipimo cha mwisho cha tovuti ya namna hii, kwangu, ni kama inamsaidia mtu kujua ataingia nyumbani saa ngapi, na hapo haisaidii. Tulitoka Kisauni saa kumi alasiri ili msongamano wa daraja la Nyali usitushike, tukapita Makupa na Changamwe hadi uwanja wa Moi, tukaruka kilomita 420 hadi Nairobi kwa muda wa saa moja, tukasubiri safari kubwa, tukaruka, tukapanga foleni ya uhamiaji, tukachukua mizigo, tukavuka madaraja mengine ya huko. Dada alifungua mlango wake saa tatu na nusu asubuhi ya New Jersey. Saa ya mama ilisema saa kumi na moja na nusu jioni. Zilikuwa saa 25 na nusu tangu tufunge geti la nyumbani, na katika hizo, ile namba ya saa 13 na dakika 39 haikuonekana popote.

Kwa umbali na ramani naipa nyota tano kati ya tano. Kwa muda naipa mbili, na moja kati ya hizo ni kwa sababu kosa lake angalau halibadiliki, hivyo mtu anaweza kulizoea: kwa safari ndefu ya kwenda magharibi kutoka kwetu, ongeza saa moja na nusu juu ya jibu la kilomita 900 ndipo ulinganishe na tiketi, kwa kurudi, ongeza nusu saa hivi. Kwa Kiswahili chake siipi nyota yoyote hadi hapo saa zake zitakapoandikwa na mtu anayejua kwamba jua likichomoza ni saa kumi na mbili.

Mama aliporudi Machi hakuniomba nifungue tovuti. Alichukua daftari lake, akatafuta ukurasa wa Januari, akaikata ile saa sita na dakika 25 kwa kalamu nyekundu, na chini yake akaandika kwa mkono wake: kwenda 15, kurudi 14, upepo.